Herufi Moja, Ukurasa wa Tisa

4 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu Mama alinilea hivyo, lakini ujue barua hii naiandika kwa hasira.

Jarida lilifika jana. Nililifungua nikiwa nimesimama pale pale mlangoni mwa chumba cha walimu, mkoba bado begani, nikawaita wenzangu waje waone. Makala yangu ya kwanza, kwenye jarida la idara yenu, mhariri mkuu mjomba wangu mwenyewe! Nikaenda moja kwa moja ukurasa wa tisa, kwenye ile sentensi ambayo nimeihangaikia tangu nianze shahada hii. Niliandika: "Kitu hiki si sifuri." Jarida linasema: "Kitu hiki ni sifuri."

Ni sifuri! Kati ya "si" na "ni" kuna tofauti ya herufi moja tu, na kazi yangu yote imo ndani ya herufi hiyo. Kama kitu kile ni sifuri basi sijathibitisha chochote, nimejaza kurasa nzima kumwambia msomaji kwamba hakuna ni hakuna. Na chini yake umewekwa mstari ambao sikuuandika kamwe: "Tukizidisha pande zote kwa 24, dai linaonekana wazi." Dai gani hilo? Ukizidisha kwa 24 umekiua. Ndiyo maana ya msokoto, wewe ndiye uliyenifundisha: kitu ambacho chenyewe si sifuri, lakini ukikijumlisha na nafsi yake mara kadhaa kinarudi sifuri. Mtu amechukua kitu changu kikiwa hai, akakizidisha mpaka kikafa, kisha akaandika kwa jina langu kwamba hakikuwahi kuishi.

Jirani yangu wa meza, yule wa takwimu, alisoma juu ya bega langu akasema, "Hongera, umegundua kwamba sifuri ni sifuri." Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka nao. Bado najichukia kwa kile kicheko.

Unajua kamati ya ajira inakaa tarehe 20 Juni. Unajua nafasi ya kudumu ni moja, unajua nafundisha hapa kwa mkataba wa muhula kwa muhula, na unajua makala waliyoiomba waisome ni hii hii. Kwa hiyo nataka kujua ni nani aliyeigusa sentensi yangu. Kama ni mtu wa uchapaji, nitajie, nitamalizana naye mwenyewe.

Simu yako umeizima. Barua pepe huzifungui. Haya, nimenunua bahasha.

Mpwa wako,
Kibishi


11 Mei

Kibishi mwanangu,

Marahaba, na pole na hasira. Nimeisoma barua yako kwa sauti, mama yako akaja kutoka jikoni akidhani nagombana na mtu. Jina lako halijakosea hata siku moja. Ulikuwa hujaota meno ya mbele ya ukubwani ukanibishia mchana kutwa kwamba sifuri si namba, kwa sababu huwezi kuwa na machungwa sifuri mkononi. Nilishindwa nikakupa chungwa.

Mtu wa uchapaji mwache, maskini, hana hatia. Ni mimi. Nilikuwa nasahihisha prufu, zile karatasi za majaribio kabla ya kuchapa, hapa mezani, ndoo mbili sakafuni zikikinga maji maana paa limeamua kustaafu kabla yangu, nikafika ukurasa wa tisa nikashtuka. Nikaiingiza ile jumla yako ya polilogi, hicho kitu chako chenyewe, kwenye kompyuta, vipande vyote, kimoja baada ya kingine. Unajua ilinipa nini? Sifuri, nukta, halafu sifuri nyingine mpaka mwisho wa kioo. Nikasema, mtoto ameteleza, akitoka nayo hivi watamrarua. Nikakurekebishia kimya kimya, kama nilivyokuwa nikikufuta kamasi kabla wageni hawajaingia sebuleni. Nilitarajia ahsante.

Na huo msokoto, mwanangu! Nimefundisha kizazi baada ya kizazi: msokoto ni vumbi, ukitaka kufanya kazi futa meza kwanza. Kila anayeandika kuhusu fani yetu hii, kohomolojia ya kimotifu ya uga wa namba, mstari wake wa kwanza ni "tutapuuza msokoto", kisha anaendelea na mambo ya maana. Hakuna aliyewahi kupewa kazi kwa sababu ya vumbi.

Kuhusu kamati usitie wasiwasi. Mwenyekiti tulisoma naye, nitamnong'oneza neno.

Mama yako anakusalimu. Anasema ule.

Mjomba wako


17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sina kamasi. Nina shahada ya uzamivu.

Kompyuta yako haikukosea, ila umeiuliza swali lisilohusika. Kipimo ulichotumia hakioni msokoto. Hakiuoni kwa asili yake, hata ukiongeza tarakimu mpaka kioo kipasuke. Ni sawa na kumpima mgonjwa homa kwa rula halafu ukatangaza kwamba ni mzima. Ndiyo maana nilitumia ukurasa wa sita, wa saba na wa nane kueleza kwa nini kipimo hicho hakifai hapa. Uliruka kurasa hizo, au ulizisoma ukajitia hamnazo?

Basi weka kompyuta pembeni, chukua penseli. Shusha namba zote hadi moduli tano, yaani ubakize baki la kugawa kwa tano tu, pale ambapo hakuna namba ila sifuri, moja, mbili, tatu na nne. Huko chini vitu vya aina hii viko ishirini na vinne tu, vyote unaweza kuvipanga kwenye karatasi moja ya daftari. Kama kitu changu kingekuwa sifuri huku juu, kikishuka kingelazimika kuwa sifuri na huko chini. Kishushe uone. Hakiangukii kwenye sifuri. Wala huwezi kukiyeyusha kwa kuhamia uga mkubwa zaidi, wenye namba nyingi zaidi, nimejaribu, kinakufuata mpaka huko.

Vumbi unaloliita, Mjomba, ndilo shamba langu. Wengine wote walifuta meza, mimi nikainama kuangalia walichofuta. Kama hukuliamini ungerudisha makala kwangu na alama ya kuuliza pembeni. Wahariri wote hufanya hivyo. Wahakiki wako wawili waliipitisha ile sentensi ilivyo. Ni wewe peke yako uliyeona kwamba unaweza kuingia ndani ya sentensi ya mtu mwingine na kuigeuza kichwa chini miguu juu, kwa sababu mwenye sentensi ulimbeba begani alipokuwa mdogo.

Usimnong'oneze mwenyekiti chochote. Sitaki kuombewa. Nataka marekebisho, ukurasa wa kwanza wa toleo la Juni, kabla kamati haijakaa.

Kibishi


29 Mei

Wewe mtoto,

Umemwandikia nini kaka yangu?

Tangu barua yako ya pili ifike hatoki kwenye kile chumba cha vitabu. Chai anainywa amesimama. Mafundi wa paa walikuja akawafukuza eti wanamkatiza, na sasa tuna ndoo ya tatu. Nilipoingia kufagia nikakuta makaratasi kila mahali, na kwenye makaratasi yote ni sifuri moja mbili tatu nne, sifuri moja mbili tatu nne, ameandika mpaka nyuma ya bili ya umeme. Nikadhani akili inarudi utotoni. Nikamwuliza, kaka, hesabu za chekechea hizi ni za nani? Akaniambia, "Za binti yako. Ananifukuza kwenye kitabu changu mwenyewe."

Mimi sijui msokoto ni nini na sikuomba kujua. Najua baba yako alipotutoka, huyu ndiye aliyekuwa akikupeleka shule asubuhi, kakushika mkono huu, mkono ule kashika viatu vyako kwa sababu ya tope. Anastaafu Desemba. Baada ya hapo atabaki na mimi, ndoo, na hicho kitabu chake. Mtu mzima hasahihishwi hivyo, kwa barua, kama karani aliyekosea tarehe.

Hebu nieleze umemkosea nini, au amekukosea nini. Lakini uniandikie kwa maneno ya binadamu.

Mama yako


3 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakueleza, lakini kwanza nikubishie kidogo: kwa nini kila mara mimi ndiye ninayeulizwa nimekosa nini? Aliyebadilishiwa kazi ni mimi. Anayekwenda mbele ya kamati akiwa kichekesho ni mimi. Na bado ni mimi ninayetakiwa kumwonea mtu huruma!

Haya, itazame saa yako ya ukutani. Mshale ukizunguka saa kumi na mbili unarudi ulipokuwa, na hicho ndicho tunachokiita msokoto. Sasa chukua mtu anayeitazama saa hiyo mara mbili tu kwa siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni. Atakuapia kwamba mshale haukusogea. Mjomba na wenzake ndivyo wanavyotazama, na kwa kazi nyingi inawafaa. Mimi nimetafuta mahali ambapo mshale umesogea kweli, na nimeonyesha umesogea. Mjomba akafuta "umesogea" akaandika "umesimama", kwa jina langu. Hilo ndilo la kwanza.

Sasa la pili, na hili nimeligundua juzi, nilipoisoma makala tena neno kwa neno baada ya barua yako. Ni yale maneno aliyokuambia kuhusu kitabu ndiyo yaliyonizindua.

Unaujua ule Mlinganyo Mrefu wake, wa ukurasa wa 112 wa kitabu chake, uliomjengea jina. Kwenye kitabu ameandika kwamba pande zake mbili ni "sawa kabisa". Si sawa kabisa, Mama. Zinapishana, na zinachopishana ni kile kitu changu. Nililijua hilo tangu mwanzo. Kwa heshima yake sikuliweka kwenye kichwa cha habari, nikaliweka kwenye tanbihi, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Niliandika: "Kwa hiyo mlinganyo huo si sawa kabisa." Kwenye jarida tanbihi inasomeka: "Mlinganyo huo ni sawa, ukipuuza msokoto."

Fuatana nami hapo. Kama aliamini kweli kwamba kitu changu ni sifuri, basi mlinganyo wake ulikuwa sawa kabisa, kama alivyoandika kitabuni, na hakukuwa na haja ya kupuuza chochote. Mtu huongeza "ukipuuza msokoto" pale tu anapojua kwamba msokoto upo. Hakuteleza. Alisoma, akaelewa, akaona kitabu chake kinaguswa, akafuta. Ile barua yake, kwamba alinirekebishia kama alivyokuwa akinifuta kamasi utotoni, ilikuwa hadithi ya kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kwenye hizo karatasi za sifuri moja mbili tatu nne alikuwa akitafuta upenyo wa kutokea.

Usimwambie kwamba nimeiona tanbihi. Tafadhali, Mama. Nataka kuona kama atasema mwenyewe.

Mwanao


6 Juni

Kibishi,

Penseli imesema kweli. Nimekishusha kitu chako moduli tano, nikakishusha tena moduli saba nisije nikawa nimebahatika, na mara zote kimekataa kuwa sifuri. Nimekubali. Si jambo dogo kwa mtu wa umri wangu kuandika neno hilo, kwa hiyo lihifadhi.

Umetaka marekebisho, nimeyaandika, na toleo la Juni linaondoka tarehe 14. Ukurasa wa kwanza, kama ulivyoagiza. Yanasomeka hivi:

"Katika makala kuhusu msokoto na mahusiano ya polilogi, ukurasa wa 9, herufi ilibadilika wakati wa maandalizi. Badala ya 'ni' isomeke 'si'. Mstari unaofuata usisomwe."

Mafupi, safi, hayana maneno mengi ya kuzua maswali. Kamati watayaona kwa wakati. Sasa tuyamalize. Njoo Jumapili, mama yako anataka kukuona, na kuna mlango wa kabati umeng'oka ambao mimi nikiugusa unazidi kung'oka.

Mjomba wako


10 Juni

Kwa Mhariri Mkuu,

"Ilibadilika"?

Maziwa hubadilika. Hali ya hewa hubadilika. Herufi iliyokwisha kupigwa chapa hailali "si" ikaamka "ni". Lugha imekupa maneno ya kutosha kuchagua. Ungeweza kusema "ilibadilishwa", angalau watu wangejua kwamba kuna mkono. Ungeweza kusema "niliibadilisha", watu wakajua ni mkono wa nani. Wewe umekwenda ukachagua neno lile moja ambalo halina mtu ndani yake.

Na unajua kamati watauliza nini wakisoma "wakati wa maandalizi". Maandalizi ya nani? Watasema ni yangu. Watasema huyu ni mtu asiyeweza kusoma prufu ya dai lake mwenyewe, tumpeje wanafunzi? Umelirudisha neno langu, na aibu yako umeniachia mimi niibebe.

Tena nimengoja. Nimeiona ile tanbihi tangu wiki iliyopita, nikisema moyoni ataitaja. "Ni sawa, ukipuuza msokoto." Kitabu chako hakisemi hivyo na mimi sikuandika hivyo. Kwa nini upuuze kitu ambacho kompyuta ilikuambia hakipo? Ulijua. Siku ile ile, na ndoo zako sakafuni, ulijua. Na kwenye marekebisho yako tanbihi hiyo hukuigusa hata kwa ncha ya kalamu.

Nikuambie kinachoniliza? Ungeniita tu. Ungesema, Kibishi, hii inaniuma, nimebakiza miezi michache, ishikilie mpaka Desemba. Ningeishikilia, Mjomba. Ningeiondoa kwenye maombi ya kazi, ningeifungia kabatini, nisingemwambia hata Mama kwa nini. Ungeniomba chochote ningekupa. Hukuomba. Ulichukua, kisha ukaniambia nikushukuru.

Jumapili sitakuja. Toleo la Juni mnasema linaondoka, basi liondoke. Tarehe 20 nitaingia kwenye kile chumba nikiwa na karatasi yangu ya moduli tano, nitawaonyesha wenyewe ubaoni kama wataniruhusu kushika chaki. Wasiponiruhusu, nitatoka. Ila nisisikie kwamba umempigia mwenyekiti simu.

Mwandishi wa makala


14 Juni

Kwa Kamati ya Ajira, na kwa wasomaji wa Jarida

Waheshimiwa,

Nimesimamisha toleo la Juni likiwa tayari kwenye gari. Ukurasa wake wa kwanza unachapwa upya, na barua hii ndiyo itakayokaa hapo. Kamati naiomba iisome kabla ya kumwita mwombaji, na iisome kwa sauti.

Katika toleo lililopita, ukurasa wa 9, mwandishi aliandika kwamba kitu alichokipata si sifuri. Jarida lilichapa kwamba ni sifuri. Herufi hiyo haikubadilika. Niliibadilisha mimi, kwa kalamu yangu, baada ya wahakiki wawili kuipitisha, na bila kumwuliza mwenye kazi. Mstari unaozidisha kwa 24 ni wangu pia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeandika mstari huo ningemrudisha nyumbani.

Tanbihi ya ukurasa huo niliibadilisha vilevile. Mwandishi alisema kwamba mlinganyo wa ukurasa wa 112 wa kitabu changu si sawa kabisa. Alisema kweli. Pande zake mbili zinapishana kwa kitu kile alichokipata, nami nimekihesabu kwa mkono mpaka sina tena pa kujificha. Watu wengi wameutumia mlinganyo huo kwa kuniamini. Wakirudie kila walichokijenga juu yake.

Msinipe udhuru wa uzee wala wa macho. Nilielewa nilichokuwa nakisoma. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuacha nyuma nikistaafu, nikaona kinatoka mikononi mwangu, nikaogopa.

Mtauliza kwa nini mwandishi alimwamini mhariri kiasi cha kutodai prufu ya mwisho. Hapo pana jambo ambalo Jarida lilipaswa kuwaambia tangu mwanzo, na ambalo lingetosha kunizuia nisiiguse makala hii. Mwandishi ni mpwa wangu. Mkidhani alipata upendeleo kwa sababu hiyo, hesabu yenu itakuwa kinyume kama ile yangu. Mhariri asiyemjua asingethubutu kumfanyia hivi. Mimi nilithubutu kwa sababu nilijua ananipenda.

Kuanzia leo uhariri anaushika makamu wangu.

Mjomba wa mwandishi